Nilimwashia Indiketa ya Kushoto

Admin, nifichie jina na picha, maana nusu ya madereva wa barabara yetu wako humu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, nina mke na watoto wanne, tunaishi Kahama. Ni dereva wa lori. Napakia mzigo Isaka naupeleka mpakani kupitia Ushirombo. Miaka kumi na nne sijawahi kugonga hata mbuzi, na kwa hilo nilikuwa najisifu sana vijiweni.

Nisiwafiche, nilikuwa siwapendi madereva wa michomoko, vile vigari vidogo vinavyokimbiza abiria kati ya Kahama na Ushirombo. Watu wanane kwenye gari la watano! Wanakuganda nyuma, wanakuwashia mataa kama barabara ni ya baba yao. Ila hata hao tuna lugha yetu nao. Wewe wa nyuma huoni mbele kwa sababu ya lori, kwa hiyo mimi ndiye macho yako. Nikiwasha indiketa ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Nikiwasha ya kushoto, pita, ni kweupe. Hakuna aliyetufundisha hilo darasani, lakini mtu anapita na roho za watu kwa kuiamini taa hiyo tu.

Siku hiyo ilikuwa saa nne asubuhi, nimeshaipita Masumbwe. Mchomoko mmoja ulikuwa nyuma yangu: honi, taa, honi, taa. Nikapandwa na hasira. Nikasema peke yangu, "Haya pita, mpumbavu wewe, ukafie mbele huko." Nikamwashia kushoto. Jamani, sikuangalia mbele! Chupa yangu ya chai ilikuwa imedondoka chini ya kiti cha pembeni, mkono na macho vyote vilikuwa huko. Nilipoinua uso niliona bodaboda inapanda kutoka bondeni, imembeba mama mmoja mtu mzima. Yule wa mchomoko alikuwa ameshafika usawa wa mlango wangu, hana pa kukwepea.

Wa bodaboda alirushwa kwenye majani akapona na michubuko. Yule mama alifariki palepale. Mchomoko ukaingia mtaroni, abiria wakatoka wenyewe wanalia, dereva amevunjika mguu na kichwa kinavuja damu. Mimi ndiye niliyemtoa, nikamfunga jeraha kwa shati langu. Trafiki walipofika wakaniuliza, "Wewe wa lori, umeonaje?" Nikajibu bila hata kufikiri, "Alichomoka tu, afande. Si mnawajua hawa?" Afande akatikisa kichwa, akaandika. Nikasaini.

Baada ya wiki mbili nilishindwa kuvumilia, nikaenda kumwona yule dereva hospitali. Nitamwita Baba Milembe, siyo jina lake. Mkewe alikuwa pembeni ya kitanda ameshika bakuli la uji. Tulipomaliza salamu yule bwana akaniambia polepole, "Kaka, nikuulize kitu, usinichukie. Hivi uliniwashia kushoto, au ni kichwa changu? Mimi taa naikumbuka kabisa."

Hapo Mungu alikuwa amenipa nafasi, ndugu zangu. Nikaikanyaga. Nikasema, "Hapana ndugu yangu, sikuwasha kitu. Ulijigonga vibaya, pole." Akajifunika uso kwa shuka, akasema, "Basi nimemuua mama wa watu kwa haraka zangu." Nikaaga, nikaondoka.

Mnajua kilichofuata? Mkewe alifunga safari hadi kwangu, ameleta kuku na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Akapiga goti sebuleni kwangu, "Shikamoo baba. Wabeja sana, asante sana. Wengine wangempita pale mtaroni. Jumuiya yetu inakuombea kila wiki." Nikaitikia marahaba huku natazama ukutani. Watoto walimfurahia sana yule kuku. Mimi nilisema tumbo linauma, sikumgusa.

Mke wangu nimemweleza yote. Akanishika mikono, "Baba Neema, ukifungwa wewe, hawa wanne nawapeleka wapi? Yule mama harudi. Nyamaza." Siwezi kumlaumu, anatetea watoto wake. Ila Baba Milembe naye ana watatu, na mwenye gari ameshamwambia asahau kazi. Hata kuungama sijaenda, maana padri namwogopa kuliko hakimu.

Tena vijiweni wenzangu wakianza kuwasema wa michomoko, wananigeukia mimi, "Hebu wasimulie yule wa Masumbwe alivyokuchomokea!" Na mimi, aibu yangu, mara mbili nimesimulia. Nikaongeza na chumvi.

Juzi Baba Milembe amenipigia simu. Wiki ijayo anasomewa shitaka la kuendesha kwa uzembe na kusababisha kifo, na amesema atakubali kosa, hataki kuzungusha watu, dhamiri inamsuta. Inamsuta yeye! Halafu akasema, "Kaka, nina ombi. Kabla ya mahakama nataka niende kwa familia ya marehemu, nipige magoti niwaombe radhi. Natembelea magongo na sina ndugu huku. Utanisindikiza?" Nikamjibu, "Nitakuja."

Ni Jumamosi hii. Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini mkimaliza kunitukana mnishauri. Nikanyamaze, nimshike mkono yule kilema niliyemvunja mimi, nimsaidie kuinama mbele ya watoto wa marehemu aombe msamaha wa kosa langu? Au nipige magoti mimi, halafu hawa wanne wangu nimwachie nani?