Nilificha Magongo ya Mjumbe Ili Akidi Itimie

Nimekosa. Wala sianzi na "shetani alinipitia", maana shetani hakuwepo kwenye kile kikao. Angekuwepo tungekuwa watano.

Jina langu liacheni. Naishi upande wa Masoko, nina migomba na shamba dogo la chai, na kwa miaka sasa ni katibu wa chama chetu cha kuzikana. Kwetu mtu anaweza kukosa sukari, akakosa hata viatu, lakini hakosi watu wa kumzika. Chama kinachimba kaburi, kinaleta turubai, masufuria, kuni na ndizi. Wewe kazi yako ni kulia tu.

Kamati yetu ina wajumbe saba. Katiba inasema akidi ni wanne: wasipofika wanne, hakuna kikao. Wakifika, wengi kati ya waliopo ndio wanaoamua. Sasa piga hesabu mwenyewe. Watu watatu wakikubaliana mbele ya mmoja, wamekiamulia kijiji kizima! Mimi hesabu hiyo niliipiga mapema sana.

Nilikuwa na kinyongo na wifi yangu Tumpale, dada wa mume wangu. Tulikuwa msibani Lupepo, wanawake tumejaa jikoni, akachota ndizi kwenye sufuria langu, akaonja, akasema kwa sauti, "Mwe! Hizi wapeni nguruwe!" Wakacheka hao mpaka wakashika mbavu. Toka siku hiyo nikaitwa Mama Nguruwe, hata na watoto. Nikasema moyoni, Tumpale, na wewe siku moja utalia bila sufuria.

Halafu mama mkwe akapooza upande mmoja. Mume wangu alitaka aje kwetu. Nikasema nyumba ni ndogo. Akachukuliwa na Tumpale. Hata kwenye daftari la chama nilimwandika mama chini ya jina la Tumpale, kwa mkono wangu huu huu. Nilisema aandikwe anakolala.

Tumpale akakosa misiba mitatu mfululizo. Kipengele kilikuwepo, na niliyekiandika ni mimi: anayekosa misiba mitatu bila udhuru uliokubaliwa na kamati anaweza kufutwa, na akifutwa, mwanachama yeyote asishike jembe wala chungu kwenye msiba wake. Udhuru wake niliujua vizuri kuliko mtu yeyote. Alikuwa anamgeuza mama kitandani, anamfulia, anamlisha uji kwa kijiko. Mama mkwe wangu mwenyewe, jamani!

Nikaitisha kikao siku ya kuuza chai. Nilijua wajumbe wawili, Mama Anna na Mama Subi, waliokuwa wakimtetea Tumpale, watakuwa kwenye banda la kupimia majani mpaka jioni. Mjumbe mwingine alikuwa Mbeya. Tukakutana wanne sebuleni kwa mwenyekiti: yeye, mweka hazina, mimi, na Ambakisye, ambaye alikatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda kule Isongole. Mwenyekiti na mweka hazina nilishaongea nao.

Ambakisye si mjinga. Nilipotaja tu jina la Tumpale, akatikisa kichwa. "Aaa, kumbe ndiyo hivyo? Basi mimi naondoka. Nikitoka mnabaki watatu, endeleeni na hadithi zenu."

Akapeleka mkono ukutani kuchukua magongo yake. Hayakuwepo. Nilikuwa nimeyapeleka jikoni wakati wa sala ya kufungua kikao, watu wamefumba macho.

"Katibu, magongo yangu yako wapi?"

"Tulia kaka, tupige kura kwanza."

"Nimesema naondoka. Andika hapo, Ambakisye ameondoka."

"Mbona mimi nakuona umekaa?"

Mweka hazina akacheka. Mwenyekiti akageukia dirishani kuangalia mvua, hii mvua yetu isiyojua kuchoka. Ambakisye akajaribu kusimama kwa mguu mmoja, akashika meza, meza ikayumba, akaanguka sakafuni kwa kishindo. Na mimi nikaandika! Waliohudhuria wanne, akidi imetimia. Waliokubali watatu. Mmoja hakupiga kura.

Jioni ile nilikula kwa raha kweli. Tumpale alipopelekewa barua aliisoma, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa kitanda cha mama uliokuwa ukicheza.

Miezi michache baadaye, asubuhi moja, mama akafariki.

Mume wangu alikuwa anajua dada yake amefutwa, ila aliamini ni kamati tu ilifuata katiba. Akaniambia, "Wewe si ndiye katibu? Waite watu."

Watu walikuja, maana kwetu msibani ni lazima ufike. Wakatoa pole, wakakaa kwenye magogo, mikono mapajani. Hakuna aliyeshika jembe: daftarini mama alikuwa chini ya Tumpale, na Tumpale amefutwa. Niliwaomba, niliwasihi! Mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Katibu, si ulituandikia mwenyewe?"

Uamuzi wa kikao hufutwa na kikao. Nikaitisha cha dharura. Mwenyekiti akaja, mweka hazina akaja, na mimi. Watatu! Mama Anna na Mama Subi walikuwa mkekani na Tumpale, nikawaita, hawakuinua hata macho. Yule wa Mbeya simu yake haipatikani. Nikakimbia kwa Ambakisye, tope mpaka magotini. Nikamkuta amekaa barazani.

"Kaka, nakuomba. Tunahitaji mtu mmoja tu. Ni mama yetu."

"Tumpale ameleta neno. Amesema mama yake hapigiwi kura."

Nikapiga magoti kwenye lile tope, nikalia kwa sauti. Akachukua magongo yake, akayainua moja moja mbele ya uso wangu kama anayauza sokoni.

"Haya hapa, Katibu. Leo ninayo. Leo nimekaa mwenyewe."

Mume wangu na mdogo wake walichimba wawili, huku umati mzima ukitazama. Maji yalikuwa yanajaa kaburini na mimi nayachota kwa beseni. Tulipomaliza kuzika, Tumpale akatoka na ndizi alizopika kwenye kasufuria kake kadogo. Akanipakulia mimi wa kwanza, mbele ya watu wote.

"Onja, wifi. Kama hazijaiva, sema."

Nikala. Nikazimaliza zote, na machozi yangu.

Habari ya magongo ilimfikia mume wangu kilabuni, mweka hazina akiisimulia kama kichekesho. Hakunipiga, hakunifukuza. Anajipikia mwenyewe jiko lake nje, na mimi ananiita Katibu tu. Tumpale nimemwomba msamaha mara tatu. Kila mara anajibu, "Nimesikia."

Wametaka kuniondoa, lakini kamati haijawahi tena kufikisha wanne. Kikao bila katibu si kikao, na hakuna anayetaka kukaa chumba kimoja na mimi. Basi bado mimi ndiye katibu, nalinda daftari la watu ambao siku yangu ikifika sijui ni nani kati yao atashika jembe.

Ninyi mlio kwenye kamati ndogo ndogo, za maji, za shule, za kanisa, nisikieni mimi mjinga. Kabla hujaandika "akidi imetimia", tazama kama kila aliyekaa anaweza kuinuka akatoka. Mimi nilihesabu wanne siku ile. Tulikuwa watatu na mfungwa mmoja.