Palizi Siku ya Fainali

Hakimu alipomaliza kusoma kwamba mshitakiwa amepatikana na hatia ya kumjeruhi mkewe, mtu mmoja nyuma yangu alimwinamia mwenzake akauliza, "Sasa fainali atacheza?" Hata kunong'ona hakujua. Nilimsikia mimi, alimsikia karani, na alimsikia mke mwenyewe, aliyekuwa amekaa ubavuni kwangu, mkono umefungwa plasta kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Niligeuka nikamkata jicho. Nusu ya watu waliojaa kwenye mabenchi walikuwa wamevaa jezi zetu za kijani. Walikuwa wametoka kijijini kwetu, upande wa Kisaka, wamepanda lori la mchanga tangu alfajiri, kama wanaokwenda kushangilia mechi ya ugenini.

Mimi nami ni wa jezi hiyo hiyo, nisije nikaeleweka vibaya. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa miaka yote hii ndiye ninayeanzisha nyimbo za kina mama pembeni mwa uwanja. Galoni tunalolipiga kama ngoma ni langu, limepasuka upande mmoja kwa kazi hiyo. Mshambuliaji wetu nimemshangilia tangu anacheza peku. Ana mguu wa kushoto wa ajabu. Mpira ukimkuta karibu na boksi, mimi huwa nimeshasimama kabla hajapiga. Nampenda kwa mpira wake na sioni haya kulisema. Lakini jioni aliyorudi kutoka Nyanungu, alikokosa penalti, akamkuta mkewe ndiyo kwanza anasonga ugali, akachukua mpini wa jembe akamvunja mkono, mimi ndiye niliyesikia. Tumepakana. Nilipita kwenye uzio wa minyaa, utomvu ukanirukia shingoni, nikamtoa yule binti pamoja na mtoto wake nikawaleta kwangu.

Mahakamani niliulizwa maswali na mshitakiwa mwenyewe, maana hakuwa na wakili. "Mwalimu," akasema kwa adabu kabisa, "wewe si ulikuta mambo yameshaisha?" Nikamjibu kwamba nilikuta mpini unashuka.

Hakimu hakumpeleka gerezani. Alisema ni kosa lake la kwanza, akampa kifungo cha nje: kila siku ya kazi, asubuhi, afanye usafi kwenye zahanati ya kijiji, afyeke, achimbe shimo la taka, mpaka muda wake uishe. Jumamosi na Jumapili yuko huru. Jumamosi! Mashabiki hawakusikia neno jingine. Walimbeba juu juu kutoka mlangoni mpaka kwenye lori huku wakiimba wimbo nilioutunga mimi, na mke wake akabaki amesimama na mimi kivulini, anawaangalia.

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja, kwa sababu ndiyo iliyonichefua na ndiyo ninayoipenda. Huku kwetu mtu akipatwa na jambo halimi peke yake. Ukifiwa, ukiugua, ukijifungua, watu wanakuja na majembe bila kuitwa, wanamaliza shamba lako kabla jua halijawa kali, unawapa togwa na ugali, mnaagana. Hakuna anayedai kitu. Nilipofiwa na mume wangu shamba langu lilipaliliwa lote nami nimelala chini kwenye mkeka, na siwezi kusahau. Ni desturi nzuri kuliko zote tulizo nazo.

Basi mashabiki wetu wakaichukua desturi hiyo wakampelekea mfungwa wa nje.

Nililiona kwa macho yangu. Nilimsindikiza binti zahanati, mkono ukaangaliwe, tukakuta uwanja wa zahanati umejaa jezi za kijani. Wanafyeka, wanachimba, wanachoma taka, wanataniana. Mfungwa mwenyewe amekaa kwenye benchi la wagonjwa barazani, mguu wa kushoto umeinuliwa juu ya ndoo, mtu mmoja anauchua kwa dawa ya misuli. Na naapa hawakuwa wanaikejeli mahakama. Laiti wangekuwa wanakejeli, ningewaelewa. Walikuwa na nyuso za watu wanaofanya wema. Kwao, mwenzao alikuwa amepatwa.

Mwenyekiti wa mashabiki akanifuata akifuta jasho. Ni fundi pikipiki pale senta; mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, na haikuwa kazi ndogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Togwa yako tunaisubiri, Mwalimu. Vijana wamekauka koo."

"Togwa ya nini?"

"Si kazi hii, bhana. Mwenzetu kapatwa na kesi."

"Kesi haikumpata," nikamwambia. "Aliifuata mwenyewe na mpini mkononi."

Akacheka, akidhani natania. Nikamwonyesha yule binti aliyekuwa amesimama nyuma yangu na mkono wake mweupe wa plasta. Nikamuuliza: shamba la huyu limepaliliwa na nani? Mmekwenda lini? Maana na yeye kapatwa, tena hakufuata kitu, alifuatwa jikoni kwake.

Mwenyekiti akainamisha uso, lakini si kwa aibu. Alikuwa anatafuta namna ya kunieleza jambo rahisi. "Mwalimu, huyu akirudi kwa mume wake hata kesho, tunakwenda wote. Hilo shamba asubuhi moja tu. Asiporudi sasa, sisi tutaingiaje?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya upole, kama daktari: "Usihangaike. Njaa itamrudisha."

Niliondoka kwa hasira bila hata kumuaga. Kwa sababu alisema kweli. Yule binti alikuwa amepanda ulezi, akirusha mbegu kwa mkono mmoja, kwenye kipande nilichomwazima chini ya uwanja wa mpira, na mvua za masika zilikuwa zimeotesha magugu kuliko ulezi. Ulezi usipopaliliwa mapema umekwisha, na kuupalilia si kukata kwa jembe tu. Unainama, unang'oa kwa vidole, jani la gugu na jani la ulezi yanafanana, na kwa mkono mmoja huwezi. Mimi mgongo wangu ulishanisaliti siku nyingi. Kwao Kewanja hakuwa na pa kurudi. Ng'ombe wa mahari yake kaka yake alikwisha kuolea, na kaka mtu hakutaka kusikia habari ya kuwarudisha. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kimekaa kitako kinausubiri ulezi ule ufe.

Jioni moja tukichambua mboga akaniambia, bila kunitazama, "Labda nirudi tu, Mwalimu. Nitakula kwako mpaka lini?"

Nilimwambia atakula kwangu mpaka ashibe. Lakini niliuona uso wake. Alikuwa ameshaanza kufungasha moyoni.

Asubuhi yake nikaanza kuzunguka kwa kina mama wangu wa vigelegele, nyumba kwa nyumba. Ombi langu lilikuwa moja: Jumamosi twende tukapalilie ulezi wa binti.

"Jumamosi ya fainali?"

"Hiyo hiyo."

Walinishangaa, na walikuwa na haki. Ile fainali ilikuwa dhidi ya timu ya Kewanja, vijana wenye viatu vipya na kocha mwenye filimbi, na zawadi ilikuwa dume la ng'ombe. Tuliingoja msimu mzima. Lakini mimi nilikuwa nimeshapiga moyo konde. Kwanza, siku hiyo wanaume wote wangekuwa uwanjani, hakuna wa kumrudisha mke wake nyumbani. Pili, nilitaka timu icheze bila sauti zetu, waone. Mmoja alikataa akisema binti angevumilia kama wenzake walivyovumilia. Mwingine akaniambia, "Mume wangu akijua ataniua." Nikamwambia ndiyo maana tunakwenda. Akaingia ndani akatoka na kijembe chake.

Jumamosi tulikuwa wachache kuliko nilivyotaka na wengi kuliko nilivyotegemea. Tulianzia mwisho wa chini, tukipanda kuelekea uwanjani, mistari mistari, na binti kati yetu akiwa amepiga magoti, anang'oa kwa mkono mzima. Togwa yangu ilikuwa kwenye ndoo chini ya mgunga. Hatukuwaona wachezaji, tuta lilikuwa limetuziba, lakini tulisikia kila kitu, filimbi, matusi, jina la mama wa refa. Kelele zilikuwa za hovyo. Wanaume wanajua kupayuka. Kuanzisha wimbo hawajui. Kila wakijaribu, huyu anakwenda huku, yule kule, wimbo unafia njiani. Nilitabasamu peke yangu ndani ya ulezi. Sitaki kusingizia utakatifu.

Kisha, kipindi cha pili kikielekea ukingoni, mlima mzima ukalipuka. Goli. Na kwa namna lilivyopokewa tulijua limefungwa na nani. Bibi mmoja kati yetu, mkongwe kuliko wote, akapiga kigelegele kirefu kabla hajajikamata, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja chenye udongo. Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Binti naye alicheka, mara ya kwanza tangu aje kwangu. Mimi moyo uliruka, kwa nini nidanganye. Mguu ule naujua. Nilitaka sana kuliona goli lile, na bado najuta kulikosa, na kama ingerudi Jumamosi ile ningelikosa tena.

Tulikuwa tumebakiza kipande kidogo cha juu waliposhuka. Washindi huku hutembeza ng'ombe wao kwa mashabiki kabla ya kumchinja, hivyo hatukushangaa kuona watu wengi njiani; tulishangaa walipokata kona kuingia shambani. Mbele alikuwa yeye mwenyewe, jezi imelowa, amemshika dume kwa kamba. Mwenyekiti wa mashabiki alikuwa pembeni yake, sauti imekauka kabisa.

"Shikamooni, kina mama," akasema mwenyekiti. Tukaitikia. Akasema wamekaa wakashauriana, na wameona mguu mzima wa mbele wa dume hili uende kwa mke wa mfungaji. Kila mtu pale alielewa. Kwetu ukipokea nyama ya aliyekukosea mbele ya watu, na watu wakaona, jambo limekwisha. Huna tena kesi, huna tena manung'uniko. Unafunga mzigo wako unakwenda.

Mume akasogea. Sura yake ilikuwa na furaha tupu, na hilo ndilo lililonitisha, kwamba hakuwa na ubaya wowote usoni. "Mama watoto," akasema, "twende nyumbani. Watu wote wameshanisamehe."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga tangu zahanati, na nusu yake hayaandikiki. Lakini binti aliweka mkono wa plasta juu ya goti, akajisukuma, akasimama mwenyewe. Mkono mzima ulikuwa bado umeshika magugu. Alimtazama mume wake, kisha akawatazama wale wote wa jezi za kijani waliomfyekea mume wake zahanati, mmoja mmoja, bila haraka.

"Ng'ombe wenu mleni," akasema. "Mimi nitakula ulezi wangu."

Akapiga magoti tena, akaendelea kung'oa pale alipoachia. Kina mama wakainama naye. Mume alibaki ameshika kamba, anacheka kicheko cha mtu anayesubiri wenzake wacheke. Hawakucheka. Mwenyekiti akanigeukia mimi, nao wote wakanigeukia, kama walivyozoea tangu darasani, wakingoja mwalimu alainishe maneno.

Nikawaambia wamesikia, na watoke, wanakanyaga ulezi wa mtu.