Sanduku la Zawadi

Siku Valeria alipovuliwa nguo nyeusi za ujane, binti yake Nomsa aliivua shuka televisheni ya sebuleni. Huko Johannesburg televisheni hufunikwa msibani; wengine hufunua baada ya mazishi tu, lakini Valeria, kichwa kigumu yule, aliiacha imefunikwa mwaka mzima. Angetazama na nani?

Maana marehemu mumewe, Sipho, ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Alimwoa Morogoro, Tanzania, enzi alipokuwa mkimbizi wa siasa za makaburu, akaja naye Johannesburg, akaahidi kumrudisha akamwone mama yake. Ahadi hiyo, we acha tu! Kila nauli ikipatikana, mtoto anaugua au Sipho anaachishwa kazi, mpaka mama wa watu akafa. Basi Jumapili walikaa kutazama tamthilia za Waingereza wa zamani, zile za magauni marefu na farasi. Kiingereza cha sokoni Valeria alikiweza. Cha mabwana wale kilimpita juu kwa juu. Sipho akawa anamweleza kwa Kiswahili.

"Chagua moja, Mama," Nomsa alisema, kwa Kiingereza kama kawaida yake. "Ile unayoipenda kuliko zote."

Valeria hakusita. "Ya yule msichana wa jikoni, anayerudi kwao."

"Mama, harudi. Anakufa kwa homa."

"Hebu nitokee hapa! Baba yako alinieleza mwenyewe."

Wakaitazama. Mwishoni mkokoteni ukatoka getini umebeba sanduku refu. Miaka yote Sipho alimwambia ni sanduku la zawadi, msichana katangulia mbele kwa furaha, mama yake anamngoja. Naye alimwamini, maana akifika hapo Sipho alimshika mkono na kuongea harakaharaka, na Valeria akamtazama yeye kuliko kioo cha televisheni.

Leo aliliona. Jeneza, jamani. Jeneza la mbao lisilo na hata ua, wala hakuna aliyelisindikiza.

"Eish, Sipho," alisema. Mwanamume alishindwa kumrudisha yeye kwao, akaona angalau amrudishe kwao yule msichana wa kwenye kioo.

Nomsa alizima sauti, akamshika mkono. Kiswahili alikiacha utotoni, enzi alipomsikia baba yake akisimulia sanduku hilo, akakitafuta kwa shida.

"Hii sanduku," alisema, "iko na zawadi, Mama. Ya mama yake."

Hapo ndipo Valeria alipolia kwa sauti, kilio ambacho hata makaburini hakukilia.