Kibweta cha Mlangoni

Mgongo unaniuma kwa kupaka rangi tangu asubuhi, na harufu ya rangi mbichi inanirudisha utotoni, kwenye ghorofa hilihili la mtaa wa Yeoville. Alilijenga mzee wa Kiyahudi aliyeletwa nchini akiwa mtoto mkimbizi. Ada zetu za shule, watoto wa wapangaji, alizilipa yeye.

Kila akija aligusa kibweta chembamba kilichopigiliwa kwenye mwimo wa mlango wetu, kisha akabusu vidole. Mama alidhani anakagua vumbi, akawa anakisugua kila asubuhi.

“Mwambie ni kisafi,” Mama aliniagiza siku moja. Nikatafsiri.

Mzee alicheka hadi machozi. “Mwambie ndani mna maneno ya Mungu.”

Mama akaona haya. “Basi nitazidi kukifuta.”

Leo mwenye nyumba mpya anataka kila kitu kipakwe rangi. Kibweta nimekizunguka kwa brashi, kisha nikakifuta vumbi.