Dakika Kumi Bila Kuinua Kalamu

Enzi za ruksa kila kitu kilikuwa ruksa: mitumba, soda za kila rangi, na semina. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi huku Iramba, nikaitwa Kiomboi kufundishwa kuandika, kazi niliyokuwa nikiwafundisha watoto tangu ujana wangu. Mwezeshaji alibandika makaratasi ukutani, akasema, "Andikeni dakika kumi lolote linalowajia. Msiinue kalamu, msifute, msifikiri."

Kutofikiri tulikuweza vizuri sana. Ila walimu wazima tulianza kwa kuazimana rula tupige mstari wa pambizo. Nilipomaliza wangu, kalamu ikakimbilia ilikozoea: "Sisi huku ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako."

Ndivyo nilivyomwandikia kaka yangu siku zote, kwa niaba ya mama. Kaka alikuwa Sekenke akichimba dhahabu, yaani akichimba tu. Mama alikuwa akipoteza macho na hamu yake ilikuwa moja tu, amwone mwanawe kabla hayajazimika. Lakini barua yenye adabu huanza na uzima, na mimi nilijaliwa adabu tele. Kaka angerudi kwa lipi, na sisi sote tulikuwa wazima?

Sasa uzima ukaniishia na dakika zilikuwa bado. Kalamu hairuhusiwi kusimama, basi ikaendelea: mama anakwenda jikoni kwa kupapasa ukuta, juzi kamwamkia mbuzi akidhani ni jirani, kila lori likipita anauliza kama umeshuka, njoo, kaka, njoo upesi. Nikalia mbele ya soda yangu. Mwezeshaji alifurahi mno, akawaambia wenzangu mbinu imefanya kazi.

Sikuinakili barua upya. Nilichana ukurasa ule na uchafu wake, nikampa mchuuzi aliyekuwa akienda Sekenke.

Haikupita wiki tatu, kaka akaingia uani na ukurasa mfukoni. "Shikamoo, mama. Barua imesema macho yanakuacha, nimekuja."

Mama akampapasa uso, akashuka mabegani, akarudi tena usoni, polepole. "Umekonda," alisema.

Kisha akanigeukia mimi, yaani aliugeukia mlango, mimi nilikuwa upande wa pili.

"Na wewe, mwalimu mzima, barua huwezi? Si nilikwambia umwandikie hatujambo?"