Kengele Haikulia

Wapo watakaosema nilikuwa nimekunywa. Sawa, semeni. Pombe mimi siijui, wala sina sababu ya kumsingizia ndugu yangu wa tumbo moja. Haya yalinikuta, na niliyaona kwa macho yangu. Ungejua macho yenyewe yalivyonifanyia siku hiyo, usingecheka.

Mimi ni Doto. Ukishasikia hivyo unajua Kulwa yupo. Tulizaliwa Buswelu, tukafanana mpaka mama akawa anatutambua kwa kovu langu juu ya jicho. Kwetu mapacha hufanyiwa kila kitu sawasawa: mmoja akiugua, dawa wanakunywa wote wawili, hata yule mzima. Nami nilikua nikiamini kwamba chake ni changu na changu ni chake. Mjinga mimi!

Miaka ile soko huria ndiyo kwanza limeingia, na Mwanza kila siku kulikuwa na mgeni na kitu chake. Akaja mzungu mmoja, tukamwita Mtaalamu, na basi dogo lenye kamera mbili juu ya kioo cha mbele, moja kushoto, moja kulia, kama macho ya mtu. Kikitokea kizuizi barabarani, iwe ng'ombe, jiwe au mtu, kengele inalia, dereva anakanyaga breki. Alisema kwao barabara ni safi mno, amekuja kwetu kutafuta vizuizi. Basi hapo kafika! Alitueleza kwamba kila kamera inakiona kitu tofauti kidogo na mwenzake, na mashine inapima tofauti hiyo ndipo ijue kitu kiko umbali gani. Jicho moja halitoshi. Ndiyo maana dereva alitakiwa kuzifuta kamera zote mbili kila zikishika vumbi au tope.

Dereva mwenyewe alikuwa Kulwa. Asubuhi moja akaja kwangu Mabatini kajishika kiuno.

"Doto, mgongo unaniua. Nishikie gari siku mbili tatu. Mtaalamu hatajua kama ni wewe."

Akavua koti lake la jinzi, lile ambalo alikuwa hataki hata niliguse, akanivika kwa mikono yake. "Vaa bwana, baridi isikupige." Niamini, nilitaka kulia kwa furaha. Nani mwingine angekujali hivyo kama si pacha wako?

Jioni tunarudi kutoka Kisesa. Mtaalamu kakaa nyuma na televisheni zake mbili ndogo, moja kwa kila kamera. Jua limezama ila giza halijashika, ule muda wa ng'ombe kurudi zizini. Mara namwona mama mtu mzima kasimama katikati ya lami, beseni la dagaa kichwani. Hakimbii, hasogei. Nikasubiri kengele. Kimya. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, gari likaserereka mpaka likasimama.

"Kulwa! Kwa nini simama?" Mtaalamu akafoka. "Hakuna kitu!"

"Na yule mama pale?"

Nikafikicha macho. Nikafumba la kulia: yupo. Nikafumba la kushoto: lami tupu na panzi wanaruka kwenye taa. Nikarudia. Yupo. Hayupo. Wewe ungefanya nini? Nikageuka nyuma, Mtaalamu alikuwa ameziinamia televisheni zake. Kwenye televisheni ya kushoto mama kasimama na beseni lake. Kwenye ya kulia hakuna mtu.

Nilipogeukia mbele alikuwa dirishani kwangu. Mdomo ukatoa adabu tu. "Shikamoo mama."

Hakuitikia. Akashika ukosi wa lile koti, akanitazama usoni kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Wewe ni Kulwa," akauliza, "au Doto?"

"Doto, mama."

Akanigusa kovu. Kidole kilikuwa cha baridi. "Koti ni lake," akasema, kwa huzuni zaidi kuliko hasira. Akaachia ukosi, akaelekea mjini. Nilipomtafuta kwenye kioo cha pembeni, sikumwona. Hapo ndipo mgongo wa Kulwa uliponiingia akilini.

Nilimkuta kwake Mkuyuni alfajiri, kakaa kitandani. Mkewe anampa chai, naye anashika hewa pembeni ya kikombe. Jicho la kulia lilikuwa wazi, zima kabisa, lakini halioni.

"Kulwa, uligonga nani?"

Akalia. Siku aliyogonga, Mtaalamu hakuwemo garini. Kamera ya kulia ilikuwa imejaa tope, Kulwa akaona uvivu kuifuta, akaendesha akitegemea kengele. Kengele haikulia. Akamwacha mama wa watu pale pale na dagaa wake, akaenda kuliosha gari ziwani. Tangu siku hiyo, kila jioni mama akawa anamjia, na usiku uliopita ndipo jicho lilipozima.

"Ukanivika koti," nikamwambia.

"Nilidhani akimpata mmoja wetu atatosheka," akasema. "Si sisi ni kitu kimoja, Doto?"

Iliniuma, jamani! Inaniuma hadi leo. Mama yetu alitunywesha dawa kikombe kimoja ili tupone wote. Kulwa alitaka sumu yake niinywe peke yangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilivikwa nguo yenyewe nikashukuru.

Nilimshika mkono nikampeleka Kisesa kwa wafiwa, akakiri mbele yao, kisha polisi. Mtaalamu alifunga mizigo yake, hakuaga mtu. Kulwa alishatoka kifungoni zamani, lakini jicho halikurudi. Nikimtembelea, chai namwekea kiganjani, maana ni ndugu yangu. Ila usoni simtazami.

Basi wewe unayenisikiliza, ukikabidhiwa gari, kabla ya kuuliza breki uliza limegonga nani. Na mtu akikuvika nguo yake bila wewe kumwomba, hata kama mmelala tumbo moja, vua.