Mpopla wa Tatu

Wahispania waliofika New Mexico zamani walikiita kijiji hiki Dos Álamos, yaani Mipopla Miwili, kwa miti miwili mikubwa ya kivuli iliyosimama hapo. Bi Eufelia Archuleta amezeeka akilinda hesabu hiyo: mmoja ukifa, hupanda mwingine. Mwaka mmoja ukachipua wa tatu, wenyewe tu.

"Bi Eufelia, sasa mbadili jina!" akamtania Onésimo wa Llano Pelado, Uwanda Mtupu, kijiji cha ng'ambo ya mto.

"Thubutu!"

Jumapili, Onésimo na wenzake wakiwa kanisani, bibi aliung'oa mche, akavuka mto, akaupanda katikati ya uwanja wao.

Onésimo akaja juu. "Umetuharibia jina la mababu!"

"Basi ung'oe."

Miaka imepita. Jua likiwaka, Onésimo huweka kiti chake chini ya mti huo, akamlaani bibi kivulini.